Kipande cha Ackson

Siku ilianza vizuri tu. Soko huria lilikuwa limeshaingia Rungwe, malori ya wafanyabiashara yalikuwa yakigombea ndizi za Mpuguso, na Ackson, mwanamume wa miraba minne, alikuwa akipakia mikungu huku akiwatania wenzake. Mkungu wa tisa ulimshinda. Alishika ubavu wa kulia, akasema, "Kimepasuka," akaanguka. Hawakuwahi kumfikisha hospitali ya Makandana. Tumbo lilikuwa limeshavimba kama ngoma, na roho imekwenda.

Kwa mila ya kwao, maiti ya namna hiyo haizikwi kabla ya kupasuliwa. Ambwene, kaka wa marehemu, ndiye aliyeshika kisu. Ilitoka damu ya kujaza ndoo. Chini yake, kwenye ini, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ngumi, umechanika vipande vipande.

"Meno ya chatu," Ambwene alisema. "Kuna mtu humu kijijini anamfuga tumboni mwake."

Macho yote yakamgeukia bibi Anyosisye. Wiki moja tu kabla, alikuwa amegombana na Ackson juu ya mpaka wa migomba.

Mwana wa bibi huyo, Lusungu, alikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja mjini. Msomi huyu, Mungu amsamehe, aliamini kwamba karatasi inaweza kushinda panga. Akaomba kipande cha ule uvimbe.

"Uvimbe hupasuka wenyewe," aliwaambia. "Nitakituma Dar wakakipake dawa ya rangi, watuambie ni nini. Jibu lolote litakalokuja, naapa mbele yenu, tutalikubali."

"Kiapo ni kiapo," Ambwene alijibu, akafuta kisu.

Jikoni, bibi Anyosisye alimshika mwanawe mkono. Alinong'ona.

"Usikitume."

"Juba, mama yangu, hicho ndicho kitakachokuokoa."

"Kimeshaonja mtu mmoja. Mimi ndiye ninayekizuia. Wewe ukikitafutia jina, mwanangu, sitakiweza tena."

Lusungu aliona ni uzee unaongea. Nusu ya kipande akaituma. Nusu akaitia kwenye chupa ya formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, akaizungushia plasta na kuifungia kabatini maabara.

Jibu lilirudi baada ya wiki tisa, nalo lilikuwa jema: saratani ya ini, imepasuka yenyewe. Alikwenda nalo Mpuguso mbio mbio kwa furaha. Akalisoma uani kwa Ambwene, mbele ya watu wote, hadi mstari wa mwisho uliosema kwamba keratini imeshika rangi.

"Keratini ndiyo nini?" Ambwene aliuliza.

Angesema hajui, yangekwisha. Lakini usomi una kiherehere chake.

"Ni kitu kinachotengeneza kucha," alisema, "na nywele. Na magamba ya nyoka."

Watu wakasimama.

"Umeapa," Ambwene alisema.

Walimfunga Lusungu kwenye nguzo ya zizi. Mama walimkokota kutoka kwenye maharage yake. Jiwe la kwanza lilimvunja taya. La pili, jicho. Hakupiga kelele. Alikuwa akimtazama mwanawe kwa jicho lililobaki, akitikisa kichwa. Panga likashuka. Mara mbili. Mara tatu. Kisha Ambwene akainama, akampasua kumtafuta chatu.

Hakumkuta. Matumbo ya mama yalikuwa yamesukumwa pembeni, yamebanwa kwenye mbavu. Katikati palikuwa na nafasi iliyojiviringa, duara juu ya duara, bado ina joto. Ilikuwa tupu.

Lusungu alimzika mama yake akijilaani kwa ulimi wake mwenyewe. Siku ya tatu alirudi maabara, akafungua kabati ili aitupe ile chupa.

Plasta haikuwa imeguswa. Formalini ilikuwa imejaa. Nyama haikuwemo.

Ndani palikuwa na ngozi nyepesi kama ganda la kitunguu. Ilikuwa ya kahawia, rangi ya dawa ile ile ya Dar, dawa ambayo mkono wake haujapata kuishika. Akaikamata kwa koleo, akavuta. Ikaja. Ikazidi kuja, magamba kwa magamba, ikajaa meza, ikashuka sakafuni.

Alikuwa bado anavuta waliposikika watu mlangoni wakiomba msaada. Walikuwa wamembeba Ambwene kutoka kwenye lori la ndizi, ameshika ubavu wake wa kulia.