Jina la Aliyekichimba

Kabati halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo, likafungwa tena kistaarabu, na chombo cha shaba chenye umri wa miaka elfu tatu hakikuwamo.

"Alama za vidole?" aliuliza Inspekta Kou Yuelan.

"Za glavu tu, afande," alijibu Sajini Qiao.

"Na kile kikaratasi cha maelezo kiko wapi?"

Tan Hongwei, mkurugenzi wa makumbusho ya wilaya, alishika kichwa. "Inspekta, chombo hiki kilikuwa kinakwenda kwenye maonyesho ya Xi'an Jumatatu. Nimeibiwa mali ya taifa, wewe unaniulizia karatasi?"

"Mwizi wa kuuza angeiacha. Huyu kaibeba. Iliandikwa nini?"

"Kimegunduliwa mwaka 1974 na Ndugu Tan Guangren. Marehemu baba yangu."

"Alikuwa mkulima?"

"Ofisa utamaduni."

"Chombo kilikuwa chini ya ardhi. Nani alishika jembe?"

Tan alijikohoza. "Mkulima mmoja, Dou Mancang. Alikileta kwa mkokoteni. Lakini yule mzee hakujua lolote, alitaka kukilishia nguruwe. Baba ndiye aliyekitambua."

"Kwa hiyo mmoja alikichimba, mwingine akaandikwa."

Tan alianza kurekebisha tai yake.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi, na mtunza vitu vya kale, Bi Suqin. Leo ameomba ruhusa. Ni Qingming, siku ya kuzuru wafu, watu wote wako makaburini."

"Jina la ukoo wake?"

Mkurugenzi aliinamisha macho. "Dou."

"Mzee, ungeanzia hapo," alisema Qiao, "saa hizi tungekuwa tunakunywa chai."

Walimkuta mlimani, kwenye matuta ya ngano, peke yake. Pesa za karatasi za wafu zilikuwa zikiungua mbele ya kaburi. Kando ya moto kilikaa chombo chenyewe, kimejaa wali wa mawele, kazi ileile kiliyotengenezewa zamani, kuwaandalia wafu chakula.

Dou Suqin hakukimbia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwembamba, amevaa glavu zake za kazi.

"Mmechelewa," alisema. "Chakula kimeshapoa."

"Wewe ndiye uliyekichukua, mama?"

"Mimi. Saa kumi na mbili asubuhi, kwa ufunguo wangu."

"Kwa kuuza?"

"Ningetaka kuuza ungenikuta hapa?"

"Basi kwa nini?"

Suqin alivua glavu taratibu. "Baba alisukuma mkokoteni kilomita kumi na tisa, kakifunga kwa koti lake mwenyewe. Maofisa walimpa chupa ya chai na taulo. Mwaka uliofuata gazeti likamwandika Tan Guangren kuwa ndiye mgunduzi. Baba alipokwenda kuuliza, aliitwa mwongo mbele ya kijiji kizima. Amekufa mwongo, Inspekta. Nimeandika barua kumi na moja, zote zimelala kwenye droo ya mkurugenzi. Na kitabu cha maonyesho ya Xi'an kimeshachapwa na jina hilohilo la Tan."

"Ungekuja kwangu."

"Ungefanya nini? Polisi hamfungui jalada kwa ajili ya jina la mtu." Alikunja glavu, akazitia mfukoni. "Lakini chombo kikiibwa, lazima mwandike kilitoka wapi na nani alikitoa ardhini. Na jalada hilo haliachani na chombo, popote kitakapokwenda. Ndiyo kanuni. Nimeifundisha miaka thelathini."

Kou alikuwa amekasirika, na hasira hiyo haikumhusu mwanamke huyu.

"Unajua utafungwa."

"Najua. Andikeni."

Inspekta aliketi kwenye ukingo wa tuta. "Qiao, toa fomu. Kitu kilichoibwa: chombo cha shaba. Mwaka wa kupatikana: 1974. Aliyekigundua?"

Qiao alisita. "Afande, huyu ni mtuhumiwa, na ni binti wa huyo mkulima. Neno lake si ushahidi."

"Mkurugenzi amekiri mbele yako asubuhi hii, au ulikuwa umelala? Andika: Dou Mancang, mkulima. Chini yake andika aliyethibitisha ni Tan Hongwei. Ataweka sahihi mwenyewe, nitamsimamia."

Kalamu ilikwenda. Suqin aliomba asome kabla ya kusaini.

Aligeukia kaburi, akasoma mstari ule kwa sauti. Akausoma tena kwa nguvu zaidi, maana baba yake alikuwa mzito wa kusikia. Kisha akasaini, akanyoosha mikono apigwe pingu.