Mbegu ya Maji

Kilichoanza kumshtua mke wa daktari ni ukimya. Zahanati ya meno haina ukimya; mtoto mmoja akisikia mashine inanguruma kule ndani, wote hupokezana kilio kama waliopeana zamu. Lakini tangu tanki la samaki lijazwe maji katika chumba cha kusubiri, watoto waliacha kulia. Walisimama kona moja ya kioo wakitazama chini kwenye kokoto, mahali ambapo hapakuwa na samaki hata mmoja.

Wazo la tanki lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyekaa mapokezi, na kila akiinua macho alikiona kile kiti cha pembeni alichokuwa akikalia binti yao wa pekee akitoka shule. Walimwita Kiroboto kwa sababu hakuweza kutulia, hata chakula alikila huku anarukaruka. Alitumbukia katika kisima cha zamani nyuma ya nyumba, wakampata amekwisha kufa. Mama yake alitaka kuweka kitu pale kwenye kiti, kitu chochote, mradi pasiwe patupu.

"Nani atalihudumia?" fundi wa matangi aliuliza siku ya kupima.

"Hakuna mwenye nafasi."

"Basi tuweke kubwa. Watu hudhani kubwa lina kazi, kumbe dogo ndilo lenye kudeka. Likae mbali na dirisha, mimea isiyodai jua, samaki wachache wasio na makuu. Mtapunguza maji kidogo na kusuuza sponji ya kichujio, basi. Ila msiwe na haraka. Maji mapya huua samaki, lazima yaive. Nitawaletea sponji kutoka tanki kongwe. Hiyo ndiyo mbegu, imebeba vijidudu vinavyoivisha maji. Ukiwa nayo ikiwa mbichi, tanki zima unaliotesha upya."

"Usihangaike, fundi," daktari alisema. "Mbegu ninayo."

Hakumwambia mtu alikoitoa. Alisogeza mfuniko wa kisima, akateka ndoo moja, akachovya sponji mpya mpaka ikashiba, na maji yaliyobaki akayamimina tankini. Hakuwa mwendawazimu, alikuwa baba. Yale ndiyo maji yaliyomkumbatia mwanawe mara ya mwisho, naye alitaka yawe karibu.

Baada ya ukimya ikaja harufu: mafuta ya nywele ya mtoto, na chini yake tope. Kisha sauti ya ukucha kwenye kioo, taratibu, vile Kiroboto alivyokuwa akigonga mlango wa baba yake kabla ya kuchungulia.

"Dada anasema kuna baridi," mgonjwa mmoja mdogo alimwambia mama wa mapokezi.

"Dada gani, mwanangu?"

"Yule wa kwenye kokoto. Anasema baba yake ndiye daktari."

Jioni hiyo, wagonjwa walipokwisha, alimkuta mumewe amepiga magoti, shavu kwenye kioo, mikono imekunjamana kwa kushinda majini.

"Baba, nipandishe," ilisema sauti.

Mkewe akaketi sakafuni kando yake.

"Umesikia?" mumewe alinong'ona.

"Nimesikia."

"Usimwambie mtu. Watatunyang'anya."

Naye hakusema. Kila jioni walikaa pamoja pale, wakiitikia na kulia, na nitasema kweli, tangu msiba uingie hawakuwa wamewahi kuwa na raha kama ile.

Mpaka asubuhi moja mama mmoja alipopiga yowe. Mwanawe alikuwa juu ya kiti, kifuniko cha tanki kimesukumwa, kichwa na mabega vimezama majini, miguu inatikisika. Mke wa daktari aliruka meza, akamvuta. Mtoto alikohoa maji, akasema, "Dada kaniita tukacheze." Na lile yowe la mama yake lilikuwa lilelile alilolipiga mke wa daktari mwenyewe siku ile kando ya kisima. Hapo akaenda kumwita mganga.

Mganga, mwanamke mnene asiye na subira, alifika ameshika shavu. "Tukimaliza mning'oe hili gego," alisema. Akanusa tanki. "Maji haya yametoka wapi?"

Daktari alikitaja kisima, macho chini. Mkewe, aliyekuwa hajui, aligeuka kumtazama.

"Huyu si binti yenu," mganga akasema kwa sauti ya chini. "Binti yenu amepumzika. Hili ni jini la kisima. Lilimsikia akiita mule ndani, likashika sauti yake. Hayo maneno linayoyasema ndiyo aliyoyasema yeye. Na nyinyi mnaliitikia, ndiyo maana linapata nguvu."

Baba, nipandishe. Hakuna aliyethubutu kuyarudia.

"Aliyeyateka ayarudishe, yote. Likiita, asijibu."

Wakawahamisha samaki kwenye beseni, na daktari akaanza kubeba ndoo, kutoka zahanati hadi nyumbani, na kila ndoo ikamwita, kwanza kwa kucheka, halafu kwa kudeka, halafu kwa woga, baba nimefanya nini, baba ni mimi Kiroboto, baba mbona hunijibu, naye akiuma mdomo mpaka damu ikamchuruzika kidevuni, akamimina, akarudi, akamimina, mpaka ndoo ya mwisho ilipoita mara moja tu na kisima kikanyamaza. Alisukuma mfuniko, akaulalia, akalia kwa sauti.

Gego la mganga liling'olewa. Tanki likakauka. Jioni ile daktari alipitiwa na usingizi akiwa na viatu.

Mkewe alikuwa jikoni. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kusafisha kichujio. Aliinama chini ya sinki, akatoa mtungi wa kioo wenye kifuniko, na ndani yake ile sponji, ingali imeshiba maji. Alijua si mwanawe. Alijua, pengine kuliko mganga. Lakini sauti ilikuwa ya mwanawe, naye siku ile ya kisima alichelewa kuisikia.

Ukucha uligonga kioo, taratibu.

"Mama, nipandishe."

"Nipo, mama yangu," alijibu, akaanza kufungua kifuniko. "Safari hii nipo."