Kitanda Kisichofungwa Milango

Tak.

Sauti moja tu, kavu, ya mbao kuangukia mbao. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, lakini hapa Dordrecht, Uholanzi, mwezi wa Desemba saa hiyo ni usiku tayari. Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya kitanda cha kabati, nikiokota glovu ya mtu.

Nianze na mchana, maana mchana ulikuwa wa kawaida kabisa.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua. Nilikuwa nimemaliza chuo na sijapata kazi, kwa hiyo nilikuwa nikimsaidia shangazi yangu Neeltje katika Nyumba ya Kunguru Watatu. Ni nyumba ya kale ya mfanyabiashara wa nafaka, ukingoni mwa mfereji, na siku hizi ni makumbusho. Shangazi alikuwa amejitolea kuwatembeza wageni humo kwa miaka thelathini na mmoja. Kabla ya hapo, enzi ambazo nyumba kongwe za mjini zilijaa familia maskini, yeye na wazazi wake walipanga chumba cha nyuma, kile chenye meko ya vigae vya buluu na kile kitanda.

Kitanda kimejengwa ndani ya ukuta. Ni kifupi, kina milango miwili ya mbao ngumu kama kabati la nguo. Watu wa zamani walilala humo wameketi, wameegemea mito, kwa sababu kulala chali waliona ni mkao wa maiti. Kila mlango una ndoano ya shaba inayoushikiza ukutani ubaki wazi. Ndoano hizo shangazi alizipigilia kwa mkono wake.

“Milango hii haifungwi,” aliniambia siku ya kwanza.

“Hata kwa kupiga picha?”

“Hata aje mfalme na kamera yake.”

Na jambo jingine, ambalo nilikuwa nimelizoea kiasi cha kutolishangaa tena: shangazi alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu. Kwake nilikuwa “mwanangu,” na akikasirika, “wewe mlingoti.” Jina nilipewa na bibi, mama yake. Kila siku yangu ya kuzaliwa, sote tumekaa kwenye duara la viti na vikombe vya kahawa mapajani, bibi alikuwa akisema mbele ya watu, “Neeltje, mwite mtoto aje akate keki.” Shangazi alikuwa akiinuka, anavuka sebule nzima, ananigusa bega. Bibi alimtazama mpaka arudi kukaa.

Nilijua pia kwamba baba na shangazi waliwahi kuwa na ndugu wa kiume, aliyekufa akiwa mdogo kabla baba hajazaliwa. Picha yake haikutundikwa popote. Hakuna aliyemtaja.

Wageni wa mwisho siku ile walikuwa mume na mke kutoka Groningen, makoti yao ya mvua yakidondosha maji sakafuni.

“Walilala wameketi?” mume aliuliza. “Kama kuku?”

“Kama wewe mbele ya televisheni,” mkewe akamjibu.

Tulicheka. Mke akabonyeza mto kusikia kama umejazwa majani. Mume akaomba aone kitanda kikiwa kimefungwa. Shangazi alikuwa juu, anafunga madirisha. Basi nikafungua ndoano, nikafunga milango, nikaifungua tena. Wakashukuru, wakaenda zao.

Ndoano sikuzirudisha.

Dakika mbili baadaye nilimwona yule mama barabarani, ananipungia dirishani mkono mmoja mtupu. Glovu. Nikaiona kule ndani, pembeni mwa mto. Nikapanda kitandani, nikanyoosha mkono.

Tak.

Giza. Nilisukuma mlango kwa kiganja, kisha kwa bega. Haukutikisika. Nikajikunja, magoti kidevuni, kichwa kimegusa dari ya mbao. Mle ndani hapakuwa na nafasi ya kunyoosha hata mguu mmoja. Palinuka sufu mbichi, kama kofia ya mtoto iliyonyeshewa.

“Shangazi!” niliita.

“Shh,” mtu akaninong’oneza sikioni. “Utafanya tuonekane.”

Nilidhani ni pumzi zangu. Nikaziba mdomo. Pumzi nyingine ikaendelea, ndogo, ya haraka, karibu na shavu langu.

“Bado anahesabu,” ikasema.

Kisha mkono mdogo ukashika kifundo cha mkono wangu. Mwaka umepita sasa, na alama za vidole vinne bado zipo. Daktari aliniuliza nimejiunguza na nini.

Ngazi zikalia. Shangazi alikuwa anashuka.

“Mwanangu? Uko wapi?”

Nikasikia nyayo zake zikiingia chumbani. Zikasimama.

“Nani kafunga?” Sauti yake ilikuwa nyembamba. “Nani kafunga milango?”

“Mimi nipo humu! Fungua!”

Alivuta. Nilisukuma. Alivuta tena, akihema.

“Kuna komeo,” nikasema. “Nimesikia likianguka. Liinue.”

Viganja vyake vikapapasa mbao.

“Hakuna komeo, mwanangu. Nililing’oa mwenyewe, miaka thelathini na mmoja sasa. Yamebaki matundu ya misumari.”

Hewa ilianza kuwa nzito. Nilikuwa navuta pumzi ambayo mtu alikwisha kuivuta.

“Nakwenda kuita watu,” shangazi alisema. “Tulia. Nakwenda sasa hivi.”

Vidole vikanibana mpaka mfupani. Ile sauti ndogo ikaanza kulia.

“Anaondoka tena.”

“Usiondoke!” nikapiga kelele. “Anasema unaondoka tena!”

Nyayo zikasimama mlangoni.

“Nani anasema?”

Hakungoja jibu. Alirudi taratibu, nikasikia paji lake la uso likigusa mlango.

“Nilikuwa na miaka minane,” alinong’ona. “Mdogo wangu mitano. Tulikuwa tunacheza kujificha. Nilihesabu pale kwenye meko. Ukimwona mwenzako, hajaonekana mpaka ukimbilie meko, upige kile kigae chenye picha ya samaki, uite jina lake. Usipomwita bado kajificha. Ndiyo sheria.”

“Shangazi, hewa.”

“Nilimsikia anacheka humo. Nilijua yupo. Lakini wenzangu walikuwa nje na viatu vya barafu, mfereji umeganda, na yeye kila niendako ananifuata. Nikashusha komeo, asinifuate. Nikaenda kuteleza. Nilirudi taa zimewaka, naye hapumui.”

Ndani, kilio kilikuwa kimekoma. Mtoto alikuwa anasikiliza, kama mimi.

“Mama alijua. Hakunichapa. Hakusema neno. Wewe ulipozaliwa akakupa jina la mdogo wangu, ili nilazimike kuliita. Nami sikuliita. Miaka yote hii nakuja hapa, nakagua ndoano, naweka milango wazi. Nilidhani atatoka mwenyewe.”

“Hawezi kutoka,” nikasema. “Hajaitwa.”

“Nikimwita atatoka. Nitamtazama vipi?”

“Mwite.”

“Siwezi.”

“Shangazi, mwite. Tunakufa humu.”

Nilisema *tunakufa*. Kichwa kilikuwa kinazunguka. Masikio yanavuma. Nilijaribu kugonga mlango, mkono ukaanguka. Kichwa kidogo chenye kofia mbichi kikaegemea kifua changu.

“Amemaliza kuhesabu,” kikanong’ona.

Nje, ubao wa sakafu ukalia. Kisha mwingine. Alikuwa anaondoka mlangoni. Nilitaka kumwita, sauti haikuja. Nyayo zikaongeza mwendo. Zikawa nyepesi. Zikakimbia, nyayo za mwanamke wa miaka sabini na mitano, zikakimbia kama za mtoto wa miaka minane.

Kiganja kikapiga kigae.

“Nimekuona!” alilia. “Nimekuona, Govert!”

Tukaitika wawili.