Nimekuacha Umelala

"Atoke! Huyo mwanamke atoke sasa hivi, la sivyo naingia mwenyewe!"

Mwanaiddi alikuwa amesimama katikati ya duka la mumewe pale sokoni Mpanda, mtandio umeangukia begani, kandambili moja ya kijani na nyingine nyekundu. Alitoka nyumbani Kawajense mbio hata miguu hakuitazama. Leo ni leo, asemaye kesho mwongo!

"Mwanamke gani, Mwana?" Naseeb aliuliza akiwa nyuma ya kaunta, uso umemshuka.

"Huyo anayekulaza stoo, siku ya kumi na nane leo! Ndoa ina miezi minane, Naseeb, wewe unalala na mizigo? Mkono wangu hutaki kuugusa. Chakula changu unaagiza kiwekwe mlangoni. Nimekuwa mbwa?"

Kwenye benchi alikaa mzee Manyanda, mfugaji wa Kasekese, aliyekuja kununua kamba za ng'ombe. Adabu ilimtaka aondoke. Lakini nani anaondoka filamu ikiwa ndiyo kwanza imeanza?

"Pole, mayu, pole mama," alisema. "Hata mimi huyu kijana ananishangaza. Zamani ukibembeleza bei anakwambia 'haya mzee, nakuachia.' Siku hizi hasemi. Anasema 'chukua' tu, halafu anatoka jasho."

Mwanaiddi hakuwa na habari naye. Alishapita kaunta, akavuta pazia la stoo. Godoro. Msahafu. Ndoo tatu za maji. Mwanamke hakuna! Mara simu ya Naseeb, iliyokuwa juu ya godoro, ikaingia meseji. Akaidaka.

"Monika!" Alisoma kwa sauti ya kusikika soko zima. "'Leo jikaze, usirudie. Ukizidiwa nipigie mimi, usimpigie Ustadh. Alhamisi njoo. Mkeo tutamwambia ukiwa tayari.' Tutamwambia? Mmeshapanga na siku ya kuniambia?"

"Mwana, nipe simu."

"Nikupe? Nampigia, tena naweka spika, mzee huyu awe shahidi!"

Simu iliita mara moja tu.

"Halo, Naseeb, umevumilia leo?"

"Avumilie nini, shetani mkubwa wewe?"

Ile sauti ikashusha pumzi.

"Ni Mwanaiddi? Afadhali umepiga. Mwanangu, mimi ni nesi, tena bibi mwenye wajukuu. Kilichomleta kwangu siruhusiwi kukisema, atakueleza mwenyewe. Msikilize mpaka mwisho, ndiyo umpige."

Ikakatika. Mwanaiddi alibaki ameishika, aibu inapanda na hasira haitaki kushuka. Siku kumi na nane za kulala peke yako haziponi kwa simu ya bibi wa watu. Akachana upande wa boksi la mabuti, akautupa juu ya kaunta pamoja na kalamu.

"Sawa. Sibembelezi mtu mie. Kama umenichoka, niandikie talaka yangu hapa, nirudi kwa mama, kule Kasansa. Andika!"

Naseeb aliposikia lile neno, alishika kaunta kwa mikono miwili. Kalamu ikadondoka, na badala ya kuiokota akaipiga teke mpaka chini ya rafu.

"Siwezi! Sitaki! Nakupenda, Mwana. Naogopa nilishakuacha."

"Ulishani... nini?"

"Ile asubuhi ya mnada. Niliondoka alfajiri, nikakutumia meseji."

Mwanaiddi aliikumbuka. Alikuwa hajaifuta, kwa jinsi alivyoipenda: *Nimekuacha umelala. Uji upo kwenye chupa.*

"Nilipofika stendi nikaisoma," Naseeb aliendelea, machozi yanamtoka mbele ya mteja bila kujali. "Nimekuacha. Kichwani likaingia wazo: ndiyo, umemuacha mkeo. Nikasoma tena nihakikishe. Nikasoma tena. Mara tatu, Mwana! Talaka tatu! Tangu hapo halizimi. Nikimwambia mteja nakuachia, linasema umemuacha tena. Nikitia udhu naona hilo wazo limeuharibu, naanza upya, naanza upya, mpaka adhuhuri inanipita. Nikikugusa naona nazini. Nisipokugusa nakufa."

Mzee Manyanda alivua kofia.

"Yaani yote haya kwa sababu ya uji?"

Mwanaiddi alitaka kucheka, kicheko kikageuka kilio njiani. Ndiyo kwanza akaitazama mikono ya mumewe: vidole vimechanika kwa maji. Siku zote hizo yeye anawinda mwanamke, kumbe mwenzake anapigana peke yake na neno moja, asimkosee Mungu, asimkosee yeye. Alimpenda pale dukani kuliko siku ya nikahi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikikwambia si ningelitamka tena?"

Mwanaiddi alijifuta uso, akampigia Ustadh Mikidadi aliyewaozesha, akamweleza.

"Alhamdulillahi, hatimaye umejua," Ustadh alisema. "Mumeo nilimjibu siku ile ile ya kwanza. Hakukusudia, na wasiwasi hauvunji ndoa. Wewe ni mkewe. Akanipigia tena mara arobaini! Mimi ndiye niliyempeleka kwa yule nesi. Dua tunaomba, lakini huu ni ugonjwa, na kila nikimjibu upya nazidi kuulisha."

Naseeb alisogea, akanong'ona haraka haraka.

"Muulize mara ya mwisho. Mwambie niliisoma kwa sauti. Hilo sikumweleza vizuri. Tafadhali, mke wangu."

Mke wangu! Neno hilo hakulisikia siku kumi na nane. Mwanaiddi moyo ulimvuta. Swali moja tu, na mumewe angetulia mpaka alasiri. Halafu? Alasiri angeuliza tena. Akafumba macho.

"Ahsante, Ustadh." Akakata.

"Mwana!"

"Sikuulizii. Wala leo, wala kesho."

"Lakini bado linasema."

"Liache liseme. Funga duka twende nyumbani."

"Na shaka yangu hivi hivi?"

"Hivi hivi. Boda itatubeba wote watatu: mimi, wewe na hiyo shaka yako."

"Na kamba yangu je?" Mzee Manyanda akauliza. "Nina elfu tisa, wewe unataka kumi."

Naseeb akaishika ile kamba. Jasho likamtoka. Mwanaiddi akambana kwa macho.

"Haya mzee," alisema. "Naku... nakuachia."

"Wabeja! Ahsante sana!" Mzee akaruka kutoka kwenye benchi. Mwanaiddi akapiga vigelegele mpaka wauza nyanya wakaja kuchungulia wakidhani kuna posa.

Walipofika Kawajense, Naseeb alisimama mlangoni dakika nzima. Mwanaiddi hakumvuta. Alitangulia, akapakua ugali na migebuka katika sahani moja, akangoja. Angerudi dukani? Basi wangeanza upya kesho.

Mguu ukavuka kizingiti.

"Nimeingia na wa kushoto," Naseeb alisema.

"Nimeona."

"Nitoke nianze upya?"

Mwanaiddi akainua jagi la maji ya kunawa. Naseeb akautazama mlango. Akaitazama sahani. Kisha akanyoosha mikono, akanawa mara moja, akakaa.

Wakati wa kumega, vidole vyao vikagongana. Naseeb akashtuka. Mkono ukabaki pale pale.

"Mwana, bado naogopa."

"Ogopa huku unakula," alisema, akamsogezea kichwa cha samaki.