Nati Nne Zilizorudishwa

Injini haikuwepo. Pampu ilikuwepo, mpira wa kuvuta maji ulikuwepo, hata koti la mvua la mwendesha pampu lilikuwa bado limening'inia ukutani. Lakini pale injini ilipokuwa imekaa palibaki kipande cha chuma chenye matundu manne.

Inspekta Waithira alichutama, akavaa miwani.

"Koplo Mburu, mwizi wa vyuma akishafungua nati, huziweka wapi?"

"Anatupa tu, Afande. Kwa nyasi. Anataka kukimbia."

"Hebu tazama hizi."

Koplo aliinama. Katika kila tundu boliti ilikuwa imerudishwa, na juu ya kila boliti nati imezungushwa kwa vidole mara mbili tatu ili isianguke. Zote nne.

"Huyu mwizi ana adabu," Koplo akasema.

"Huyu alitaka kurudi," Inspekta akajibu.

Nje ya kibanda, wamama wa kikundi cha kilimo cha Gatheru walikuwa wamesimama wakiwa wamejifunga masweta, maana upepo wa mlimani hauna huruma na Kiganjo. Katikati yao alikuwa Dedan, mwendesha pampu wao, mikono imefungwa pingu. Koplo ndiye aliyemfunga, kabla Inspekta hajafika.

"Si nilisema!" Tabby, mwenyekiti wa kikundi, alipaza sauti. "Mlimpea mtu wa jela ufunguo. Sasa tumwagilie kabichi na machozi?"

Dedan alikuwa na miaka hamsini na miwili, na mitatu kati ya hiyo aliikalia gerezani kwa kuiba mota ya kiwanda cha mbao. Humo humo ndani ndimo alimojifunza ufundi wa injini. Alipotoka alitafuta kazi miaka miwili, mpaka kikundi hiki kilipokubali kumjaribu.

Inspekta alimvuta kando.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kliniki, Nyeri. Ya sukari. Niko na karatasi."

"Ufunguo ulimwachia nani?"

"Mwalimu Wakiuru. Yeye ndiye katibu."

"Mliongea naye baada ya kutoka?"

"Alinipigia saa tatu asubuhi. Akasema kabichi zinalala na jua, ati anaweza kupiga maji? Nikamwambia, Mwalimu, juzi jioni nilimwaga mafuta yote, weka mapya kwanza. Akapiga tena akasema ameweka. Nikarudi saa kumi na moja, nikakuta hakuna injini."

"Na wewe ndiye ulikuja kuripoti?"

"Ni mimi. Ningeiba halafu nikuje kwenu, Afande?" Alitazama pingu. "Kesho asubuhi mnanipeleka kortini, sindiyo? Nikirudi ndani sasa, nikitoka hakuna mtu atanifungulia mlango hata wa kuku. Hiyo ndiyo naogopa. Jela yenyewe naijua."

Inspekta alirudi kibandani. Nyuma ya mlango kulikuwa na mistari ya chaki, mitano mitano, safu baada ya safu.

"Hii ni nini?" akauliza kwa sauti.

"Ni saa za injini," Dedan akajibu kutoka nje. "Mstari mmoja, saa moja ya kazi. Ikifika hamsini namwaga mafuta. Jumamosi naosha yale mapezi ya chuma, maana hiyo injini haina maji ya kuipoza kama gari. Inapozwa na upepo. Tope ikiziba, inajichoma yenyewe."

Kwenye rafu kulikuwa na mkebe wa mafuta meusi yaliyotumika. Kando yake chupa ya mafuta mapya, kifuniko hakijakatwa. Chini, mtungi wa petroli. Mtupu.

Inspekta aliitazama ile chupa kwa muda mrefu. Alama za vidole alizichukua kwenye nati, lakini moyo wake ulikuwa kwenye chupa.

Wakiuru aliitwa. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mwalimu wa shule ya Jumapili, kitambaa cha kichwa kimenyooka kama kimepigwa pasi juu ya kichwa chenyewe.

"Mwalimu, jana uliwasha pampu?"

"Hapana."

"Lakini ulimwambia Dedan umeweka mafuta."

"Nilibadilisha nia. Niliona mawingu. Nilirudi saa sita, injini haiko."

"Hukumwambia mtu?"

"Nilishtuka. Niko na presha, Afande."

Inspekta alimshukuru, akashuka shambani. Wiki tatu mvua haikuwa imenyesha. Aliingiza kidole kwenye udongo wa safu ya kwanza. Juu pakavu, chini tope. Safu ya pili, tope. Ya nane, tope. Ya tisa, vumbi mpaka chini.

"Koplo, pampu hii hunywesha safu moja kwa muda gani?"

Koplo alimuuliza Dedan, akarudi. "Dakika tano, Afande."

"Safu nane. Dakika arubaini. Kisha ikanyamaza."

Nati nne zilimwambia kwamba aliyeichukua alikusudia kuirudisha. Dakika arubaini zilimwambia kwamba injini ilikuwa imeharibika. Mtu anayebeba injini mbovu na kukusudia kuirudisha huipeleka kwa fundi, na wauzaji wa vipuri vya injini ndogo Karatina hawazidi watatu. Waliyemtafuta walimpata katika duka la pili.

"Inspekta Madam," Vipul, mwenye duka, alisema kutoka nyuma ya kaunta, "umekuja kununua ama kunifunga?"

"Itategemea kilicho kule nyuma."

Baba yake Vipul, mzee Haridas, ndiye aliyelifungua duka, na mwana alikuwa ameongeza karakana uani. Huko, juu ya meza, injini ilikuwa imefunguliwa kifua. Koplo alisoma nambari. Ilikuwa ni yenyewe.

"Ililetwa jana saa nane na mama mmoja, kwa pikipiki," Vipul akasema. "Ameifunika na leso kama mtoto mgonjwa. Akataka iishe kabla ya saa kumi na moja. Nikamwambia, mama, hii ni injini, si chapati."

"Jina lake?"

"Alisema Mama Joni. Nambari ya simu hii hapa."

Koplo alilinganisha nambari hiyo na ile ya Wakiuru iliyo kwenye taarifa aliyoandika asubuhi. Jina lilikuwa la uongo. Nambari haikuwa.

"Bwana Vipul, niambie. Injini hii imezeeka?"

Vipul alicheka. "Imezeeka wapi? Angalia. Injini ikizeeka polepole, ringi za pistoni zinakuwa nyembamba, inatoa moshi wa samawati, asubuhi inakataa kuwaka, inakosa nguvu. Wengi hawafikishi saa mia tano, kwa sababu kichujio cha hewa kimejaa vumbi na hakuna anayejali. Lakini hii!" Aligonga silinda kwa kalamu. "Mapezi safi. Kichujio kimeoshwa. Anayeitunza ningemwajiri leo. Angefikisha saa elfu mbili nayo."

"Basi iliuawa na nini?"

Alimpa kipande cha chuma kilichopinda, kile kinachounganisha pistoni na mhimili. Kilikuwa kimegeuka rangi ya buluu iliyoiva.

"Hiyo rangi ni ya moto. Na angalia ukutani mwa silinda, mikwaruzo ya wima, mipya. Ilikimbia kavu. Hakuna tone. Nyingine huwa na waya wa kuzima ikikauka, lakini hapa umekatwa zamani, nadhani kwa sababu injini ikikaa mteremkoni inajizima ovyo. Kwa hivyo ikakimbia mpaka ikakaza."

"Inafufuka?"

"Nibadilishe hiyo konrodi, pistoni na ringi, nipige silinda msasa. Jumamosi inaimba."

Njiani kurudi, walipopita daraja, Inspekta alimgeukia Koplo.

"Mburu, mtu akikwambia gari limeisha mafuta, unaenda wapi?"

"Kituo cha petroli, Afande. Kwani kuna kwingine?"

"Dedan akisema mafuta?"

Koplo alijipiga kwenye paji la uso. "Kumbe!" akasema.

Wakiuru alikuwa bado kibandani, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Inspekta alivuta jiwe akakaa karibu naye, magoti yakikaribia kugusana.

"Mwalimu, kitendawili."

Wakiuru alimtazama kana kwamba amesikia vibaya. Lakini alikuwa amewafundisha watoto miaka thelathini, na mdomo ulijibu wenyewe. "Tega."

"Nina mtoto anayekunywa vinywaji viwili. Akikosa kimoja, analala. Akikosa kingine, anakufa. Na vyote viwili mimi naviita jina moja."

"Sijui," Wakiuru akasema. "Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Karatina," alisema, na hapo hapo akajiziba mdomo kwa mkono.

Inspekta hakucheka. "Karatina nimeshatoka. Mtoto ni injini. Petroli ikiisha inalala. Oili ikiisha inakufa. Na hapa kwetu zote ni mafuta."

Machozi yalimtoka Wakiuru bila sauti.

"Niliweka," akasema. "Sikudanganya. Aliniambia mafuta, nikamimina petroli yote ya mtungi. Nilijua nimefanya vizuri. Maji yakaja, nikafurahi. Halafu ikaanza kugonga, ko ko ko, ikakaza."

"Kwa nini hukusema tu? Ni kosa la neno."

"Kwa sababu ya mkutano wa kumpa kazi. Mimi ndiye nilisimama. Nilisema mtu wa jela atatuharibia injini. Nilisema mbele ya kila mtu, Afande. Sasa ningesimama tena niseme ni mimi?" Alijifuta kwa kiganja. "Nilitaka itengenezwe, niirudishe, isijulikane. Lakini haikuisha kabla hajarudi."

"Na leo umemwona akifungwa pingu."

"Nimemwona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nilijiambia, ngoja kidogo, nitasema. Kila nikingoja inakuwa ngumu zaidi."

Inspekta alisimama, akaenda mlangoni, akamfungua Dedan pingu kwa mkono wake mwenyewe. Akamweleza yote, pole pole, mbele ya Wakiuru. Dedan alisikiliza akisugua vifundo vya mikono.

"Mafuta," akasema mwishoni. "Haki ya Mungu. Kule ndani sisi wote tuliita hivyo. Hata mimi ningesema oili, si ingekuwa imeisha?"

"Kuwadanganya polisi ni kosa," Inspekta akasema. "Na wewe umeumizwa. Unaweza kuandikisha malalamiko. Wewe ndiye utasema."

Wakiuru aliinamisha kichwa. Dedan alimtazama.

"Akifungwa, nani atafundisha watoto?" akasema. "Sitaki afungwe. Nataka kitu kimoja. Mimi sijui kusoma vizuri, Afande. Kile kitabu chenu cha matukio kiko na jina langu, naona kila mtu anakiamini. Andika mpya. Halafu yeye asome, kwa sauti, wamama wote wakiwa hapa."

Inspekta aliandika akiwa amesimama, kitabu kikiwa juu ya pampu. Wamama wakaitwa. Walikuja wakinong'ona, wakanyamaza walipoona Dedan hana pingu.

Wakiuru alikishika kitabu. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, halafu ikawa ile ya darasani.

"Hakuna wizi uliotendeka. Injini iliharibiwa na Wakiuru, katibu wa kikundi, aliyeiwasha bila oili na kuificha. Dedan hana hatia yoyote. Kwa ushahidi wa fundi, injini ilitunzwa vizuri kuliko nyingi. Faili imefungwa."

Mama mmoja nyuma akasema, "Pole, Dedan," na mwingine, na mwingine.

Wakati huo Tabby alitokea mtoni na ndoo ya maji akihema, sketi imelowa. "Nini? Nini imesemwa? Mmeanza bila mimi?"

Dedan alikunja mikono kifuani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitabasamu.

"Soma tena, Mwalimu," akasema. "Mwenyekiti hakuwa amefika."

Na Wakiuru akasoma tena, kwa sauti zaidi.