Sabuni ya Njano

Dukani siku hiyo watu walikuwa wanakanyagana. Muuza sabuni alisimama kando ya rafu na trei yake, fulana ya njano ya kampuni, kilemba cha njano, tabasamu tayari. Fundi saa alikuwa anapita zake.

"Nusa kwanza, kaka. Kunusa hakuna bei."

"Nikinusa si nitanunua?"

"Utanunua. Trei nimeshika mimi."

Akanunua tatu, na namba ya simu akaomba. Kazini wauzaji walifundishwa hivyo: sabuni ikae karibu na tabasamu, mteja atavipenda vyote kwa pamoja. Kila mchana fundi akawa anapiga simu. "Bibi Sabuni, nimeoga, nimekukumbuka."

"Mwongo wewe. Umenawa mikono tu."

Kisha mama yake fundi akaugua. Muuza sabuni hakungoja kuitwa. Miezi miwili alimwogesha mama kitandani kwa sabuni ile ile, taratibu, maana mama alichoka kunuka dawa. Mama alifariki asubuhi moja, povu bado liko kwenye beseni.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema. Hawasemi dhiki ikipita rafiki huyo anakumbusha nini. Baada ya mazishi simu zilipungua. Muuza sabuni akija, fundi anafungua dirisha, anakaa kiti cha mbali. Roho ikamuuma mwanamke wa watu mpaka akashindwa kunyamaza.

"Niambie ni nani, nijue moja."

"Nani tena?"

"Huyo anayekufanya unikimbie."

Fundi akainamisha kichwa. "Hakuna mtu, mpenzi. Ni hiyo sabuni. Ukiingia tu, mama anakufa upya."

Kesho yake mwanamke alirudisha fulana ya kampuni. Wiki nzima akaoga maji matupu. Jumapili akaenda kwa fundi, gauni la kijivu, hana hata mafuta mwilini.

Fundi alimkumbatia, akavuta pumzi ndefu. Hapakuwa na harufu yoyote. Mwanamke akadhani yamekwisha, akampapasa shavu. Fundi akaushika mkono ule, akautazama, machozi yakamtoka.

"Ndiyo mikono iliyomwogesha," akasema. "Nisamehe. Najitahidi, siwezi."

"Kazi nimeacha, mpenzi wangu. Mikono nitaiacha wapi?"

Fundi alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, kama mgeni.

Nyumbani kwa mwanamke, karoni kilibaki kipande kimoja cha njano. Alikinusa. Kwake yeye kilikuwa bado na harufu ya kaka mmoja anayeuliza kama akinusa atanunua. Akafungua bomba, akanawa nacho mikono yote miwili.