Mluzi Juu ya Mparachichi

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba. Asubuhi hiyo ukungu ulifunika vilima vya Butembo, na matone ya mvua ya usiku yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye mabati.

Jokébed alikuwa anachochea moto wa chai. Kila siku papa yake, Lusenge, alitoka mapema na pikipiki kupeleka akina mama sokoni. Akirudi hakupiga honi, asimwamshe mtoto mchanga. Alipiga mluzi: sauti tatu, ya mwisho ikipanda. Hapo Jokébed alikimbia kufungua mlango wa ua.

Lakini wiki hiyo, mara tatu, alisikia mluzi, akakimbia kwenye matope, akafungua, na hapakuwa na mtu. Jirani yake Abigaïl aliweza kuuiga mluzi huo. Basi Alhamisi Jokébed alimshtaki kwa mama wa Abigaïl, Mama Germaine.

"Umemwona kwa macho yako?" Mama Germaine aliuliza.

"Nimemwona," alijibu Jokébed, na hakuwa amemwona.

"Haiko mimi, mama," Abigaïl alilia.

Adhabu ikatolewa: Jumapili Abigaïl hatacheza mbele ya altare na wasichana wenzake. Alikuwa amefanya mazoezi mwezi mzima.

Sasa mluzi ulilia tena. Jokébed alinyata hadi kwenye ua ili amkamate. Ng'ambo, Abigaïl alikuwa anaosha sufuria, mdomo umefungwa. Mluzi ukalia mara ya pili, juu ya vichwa vyao.

Kwenye tawi la mparachichi alisimama ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho. Alifungua mdomo: sauti tatu, ya mwisho ikipanda.

"Abi," Jokébed alinong'ona. "Njoo. Polepole."

Mwalimu Tshibangu, mpangaji wao kutoka Kasai, alitoka na mswaki mkononi.

"Huyo ni kurumbiza," alisema. "Huiga sauti anazozisikia. Amesoma kwa papa yako bila kuandikishwa."

Abigaïl alicheka, kisha akamgeukia Jokébed. "Mais, lakini ulisema uliniona mimi."

Wakati huo Lusenge alifika, akapiga mluzi nje. Ndege akamjibu. Lusenge akapiga tena. Ndege akajibu tena, kwa nguvu zaidi. Hata Mama Germaine alikuja mbio, maji ya sabuni mikononi, akacheka hadi machozi.

Jokébed hakucheka. Angeweza kusema tu kwamba ndege alimdanganya. Alisali kimoyomoyo, kisha akasimama mbele ya Mama Germaine.

"Mama, Alhamisi nilisema uongo. Sikumwona Abigaïl. Nilisikia tu."

Lusenge, aliyekuwa ameshaingia uani, alizima pikipiki.

"Binti yangu," alisema Mama Germaine taratibu, "sikio kukosea si dhambi. Hata mimi ndege huyo angenidanganya. Lakini ukisema umeona usichokiona, mwenzako ndiye anayeadhibiwa. Abigaïl, unisamehe na mimi. Kafue nguo yako ya kuchezea, kesho ni misa."

Abigaïl alimtazama Jokébed. "Utasema nini sasa? Sema kwa sauti, wote wasikie."

Jokébed akainua mkono, mbele ya papa yake, mwalimu na Mama Germaine.

"Ninaahidi mbele ya Mungu na mbele yenu: sitasema tena nimeona kama sijaona. Na leo nguo ya Abigaïl nitaifua mimi."